Forester ya tabo iliyochemka mlimani: kisa cha kuchagua vipuri vya taimingi na upozaji

Kisa hiki kilitokea gereji kwetu, Arusha. Jina la mwenye gari, namba za gari, duka lililouza spea na tarehe nimeviondoa. Vipimo nimeviacha kama vilivyoandikwa kwenye daftari la kazi, na makosa pia nimeyaacha. Mengine ni ya kwangu mwenyewe.

Usuli

Gari ni Subaru Forester ya umbo la SG5, gia za mkono, injini EJ205 yenye tabo (turbo, inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini): silinda nne za kulala, kamshafti nne (shafti zinazofungua valvu), ukubwa wa sentimita za ujazo 1,994. Liliingia nchini likiwa limetumika Japani na kitabu cha matengenezo hakikuja nalo. Siku lilipovutwa kwa kamba hadi getini kwetu, dashibodi ilisoma km 164,000.

Mwenyewe si dereva wa mashindano wa kulipwa. Wiki nzima gari linampeleka kazini na kurudisha watoto shule, na Jumapili mojamoja analiingiza kwenye mbio fupi za vumbi. Kabla ya kuja kwetu, kijana mmoja mwenye kompyuta mpakato alimwongezea presha ya tabo bila kurekebisha mchanganyiko wa mafuta inavyotakiwa. Injini ikaanza kugonga kwenye mzigo, na siku moja ikapoteza nguvu kabisa. Tulipopima compresheni (mgandamizo ndani ya silinda), silinda ya 1, 2 na 3 zilitoa kati ya kilo 10.5 na 11 kwa kila sentimita ya mraba. Ya 4 ilitoa 6. Tulipoifumua tukakuta pistoni ya nne imepasuka ukingo ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili.

Mteja akaamua: kama inafumuliwa, basi irudi na nguvu. Akaagiza pistoni za kufuliwa, zile ambazo si za kumiminwa, pamoja na beringi mpya za krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na gasketi za hedi za mabati yaliyopangwa. Hedi zote mbili zikapelekwa kupigwa skimu (kukwanguliwa uso unyooke), ikaondoka chini ya 0.1 mm kila moja. Mpaka hapo kazi ilikwenda vizuri na sina la kusema. Tatizo lilikuwa bajeti. Tulipofika mbele ya injini, yaani belti ya taimingi, rola zinazoiongoza, tenshena inayoikaza, pampu ya maji, themostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) na rejeta, hela ilikuwa imebaki kidogo, na tarehe ya mbio ilikuwa imeshapangwa.

Kwa nini taimingi na upozaji ni kitu kimoja kwenye injini hii

Kwanza neno lenyewe. Mafundi tunasema "taimingi" kwa vitu viwili: muda wa cheche kwenye plagi, ambao kompyuta ya gari ndiyo inaupanga, na mpangilio wa kamshafti dhidi ya krankshafti, ambao unashikwa na belti. Mteja aliposema "fundi, nataka taimingi kali", alikuwa anazungumzia cheche. Mimi nazungumzia belti. Tulipoteza karibu nusu saa kabla ya kugundua kwamba hatuelewani.

Kwenye EJ ya kamshafti nne, belti moja ndefu inazungusha kamshafti zote, na mgongo wake ndio unaozungusha pampu ya maji. Beringi ya pampu ikikaza, belti inakatika au inakwanguka meno. Belti ikienda, valvu zinagonga pistoni, na zaidi ya hapo, kwenye hedi hizi valvu za kuingiza na za kutoa zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo pampu mbovu haichemshi maji tu. Inaweza kuua injini siku ambayo geji ya joto bado iko katikati.

Kuna la pili. Injini ya tabo iliyopanda joto inaelekea kugonga, na kompyuta ikisikia kugonga huko inarudisha cheche nyuma ili kuilinda. Nguvu inapungua hapohapo. Mtu anayetaka gari lenye kasi na anabana hela kwenye upozaji analipia farasi ambao kompyuta itawafungia zizini mara tu gari likianza kupanda mlima.

Vipuri tulivyochagua

Mteja alileta seti nzima kwenye boksi moja: belti, rola tatu, pampu na themostati. Boksi lilikuwa na maandishi ya Kijapani. Bei yote pamoja ilikaribiana na bei ya rola moja orijino. Hapo ndipo mtu anatakiwa asimame ajiulize, na tulisimama, ila hatukusimama kwa kila kitu.

*Belti.* Mteja alikuwa ameonyeshwa belti za rangi, zile zinazoitwa za mashindano. Nilimkatalia. Spidi ya juu ya injini haikubadilishwa, springi za valvu ni zilezile za kiwandani, kwa hiyo belti haina mzigo mpya wa kubeba. Kinachoua belti kwetu ni mafuta ya sili zinazovuja, maji ya pampu, vumbi na rola mbovu. Tuliagiza belti orijino mpya, na ile ya kwenye boksi tukaitundika ukutani. Kiwandani muda wake ni km 100,000. Kwa gari hili tuliandika km 50,000 kwenye kibandiko kwa sababu ya vumbi na joto.

*Rola.* Zipo tatu mbali na ile ya tenshena: mbili laini, moja yenye meno. Hii yenye meno ndiyo ninayoiangalia kuliko zote. Kipimo chetu hakihitaji mashine. Shika rola katikati kwa vidole viwili, izungushe kwa nguvu. Rola nzuri mpya inazunguka kwa uzito, kama imezamishwa kwenye asali, kisha inasimama, kwa sababu grisi yake ni nzito na sili zinashika. Ya kwenye boksi ilizunguka kama gurudumu la baiskeli, nikahesabu mpaka nikachoka. Dogo, mwanafunzi wetu, akasema "hii ni laini kuliko ile orijino". Ndiyo, ni laini kwa sababu ndani ni kavu. Rola tatu orijino zikanunuliwa.

*Mwongozo wa belti.* Ni kipande kidogo cha bati kinachokaa juu ya gia ya krankshafti kwenye magari ya gia za mkono. Mara nyingi nikifungua Subaru iliyopitia mikono ya wengi, nakuta hakipo: fundi alikitoa, akaona gari linawaka bila yeye kukirudisha, akakitupa. Kazi yake ni kuzuia belti isiruke meno injini inapolazimishwa kurudi nyuma, kwa mfano gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko na gia ndani. Kwenye hili gari kilikuwepo. Tukakisafisha, tukakirudisha na kukipima kwa fila geji ili kiwe umbali wa 1 mm kutoka kwenye belti. Ilichukua dakika kumi.

*Tenshena.* Hapa ndipo kosa la kwanza. Tenshena ya zamani ilikuwa kavu kwa nje, haina dalili ya mafuta. Orijino mpya ilikuwa ghali kuliko belti na rola zote, na tulikuwa tumeshamwongezea mteja gharama mara mbili. Akaniambia, "Fundi, hiyo si inasukuma tu? Weka hiyohiyo." Nikaikubali. Uamuzi ulikuwa wangu, si wake.

*Pampu.* Ya kwenye boksi ilikuwa na mapanga ya bati lililokandamizwa kwa mashine, si ya chuma cha kumimina. Shafti haikuwa na mchezo, uso wa gasketi ulikuwa umenyooka. Tukaifunga.

*Themostati.* Ilitoka boksini ikaenda moja kwa moja kwenye injini. Hakuna aliyeiangalia mara mbili. Kosa la pili.

*Rejeta.* Mteja alitaka rejeta nene ya aluminiamu. Nilimwambia asubiri. Ya kwake haikuvuja, na mimi huwa naamini gari la barabarani likichemka, kabla ya kununua rejeta angalia kwanza njia ya hewa. Tuliisafisha ndani. Nje hatukushusha kondensa ya AC, iliyo mbele ya rejeta, ili tuone kati yake na rejeta. Kosa la tatu, na hilo lilikuwa uvivu wa jioni ya Ijumaa.

Siku ya kufunga

Sehemu kubwa ilikwenda kama kitabu kinavyosema, kwa hiyo nitaandika yale tu ambayo watu huwa wanakosea.

Alama ya krankshafti si ule mshale unaoonekana mbele ya gia. Ni mkato mdogo kwenye ukingo wa nyuma, na ndio unaotakiwa usimame juu kabisa, saa sita. Ukiwa hapo pistoni zote nne ziko katikati ya silinda na hakuna valvu inayoweza kuzifikia. Mtu akitumia mshale, anafunga belti yote akiwa na uhakika, kumbe amekosea tangu jino la kwanza.

Kamshafti za upande wa kushoto, ukiwa umekaa ndani ya gari, zinakuwa na msukumo wa springi kwenye alama zake. Ukiziachia zinaruka. Dogo aliachia moja, ikaruka robo mzunguko, na kila mtu gereji alinyamaza. Kwa bahati, valvu hazikugusana. Tukairudisha polepole kwa kufuata mwelekeo uliomo kwenye kitabu, maana kuzungusha upande usio sahihi ndiko kunakokunja valvu.

Tenshena ilisukumwa ndani kwa vaisi ikiwa imesimama wima, taratibu, zaidi ya dakika tatu, kisha ikafungwa na pini. Ukiiharakisha unaharibu sili ya ndani. Bolti za pampu tulizikaza kwa mpangilio kwa 12 Nm, mizunguko miwili. Baada ya kutoa pini tulizungusha krankshafti kwa mkono raundi mbili kamili. Alama za gia zikarudi mahali pake. Mistari iliyochorwa kwenye belti hairudi baada ya raundi mbili, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeogopa kwa sababu hiyo.

Mwisho tukajaza maji. Forester hii ya tabo ina mifuniko miwili ya maji: mmoja kwenye rejeta, mwingine kwenye tangi dogo la chuma lililo juu ya injini. Dogo aliiweka yote kwenye sinia moja pamoja na bolti za bampa. Likumbuke sinia hilo.

Mlima wa Mto wa Mbu

Baada ya km 900 za kulainisha injini tulikwenda kupima. Njia yetu ya kupimia ni Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu. Kona zile za kupanda juu ya Ziwa Manyara zinabana injini muda mrefu kwa spidi ndogo, hewa kidogo, mzigo mkubwa. Gari likipita hapo mchana bila kulalamika, litapita popote.

Geji ya dashibodi ya Subaru haiaminiki kwa kazi hii. Inakaa katikati kwenye nafasi pana ya joto, na ikianza kupanda umeshachelewa. Tulichomeka kifaa cha kusomea kompyuta. Barabara ya tambarare, nyuzi 88 hadi 91. Mto wa Mbu mjini, feni ikiwaka na kuzima, 95. Kona ya tatu ya kupanda, 101. Ya tano, 105. Tulipofika kwenye sehemu ya kutazamia ziwa ilisoma 108, na chupa ya akiba ilikuwa inafoka. Geji ya dashibodi ilikuwa bado katikati.

Tulisimama, tukafungua boneti, hatukugusa mfuniko wowote. Baada ya dakika chache injini ikiwa inasilensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), joto lilishuka lenyewe mpaka 93. Hilo lilikuwa jambo la kwanza la maana tulilolipata siku ile: mfumo unaweza kupoza, ila hauwezi kupoza kwa kasi inayotakiwa.

Kutafuta chanzo, na njia ya mzunguko tuliyopita

Mteja alikuwa na hakika ni gasketi ya hedi. Ukimsikia mtu amefumua injini na siku ya kwanza inachemka, ni lazima uwaze hivyo. Tulitumia ile dawa ya bluu inayogeuka manjano ikikutana na gesi ya moshi. Ilibaki bluu, baridi na moto, mara tatu. Hedi hazikuguswa, na nashukuru hatukuzigusa.

Kisha tukafanya kitu ambacho gereji nyingi hufanya: tukatoa themostati kabisa. Mteja alisisitiza, mimi nikachoka kubishana. Tambarare joto likashuka mpaka 70 na kitu. Kompyuta ikaona injini baridi, ikaendelea kumwaga mafuta mengi, na kwenye injini yenye ringi mpya petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda wakati ambapo ringi zinahitaji kukaa. Mlimani bado ilifika 104. Tuliharibu wiki moja na labda kidogo cha maisha ya ringi, na tulichojifunza ni kwamba themostati haikuwa peke yake.

Jibu la kwanza lilikuja kwa kusoma mifuniko. Mfuniko wa rejeta kwenye gari hili ni wa nguvu zaidi kuliko ule wa tangi la juu, na imepangwa hivyo makusudi. Tangi ndilo sehemu ya juu kabisa, hewa yote inakusanyika hapo, kwa hiyo mfuniko dhaifu unatakiwa uwe pale ili hewa na mvuke vitoke kwanza, halafu mfumo ukipoa uvute maji kurudi. Yetu ilikuwa imebadilishana. Sinia lile. Kwa macho inafanana, namba ndogo juu yake ndizo zinazotofautiana. Maji yalikuwa yanatokea kwenye rejeta huku hewa imebaki juu.

Mfuniko si kitu kidogo kwa sisi tunaoishi juu. Arusha iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na sufuria ya maji hapa inachemka kwenye 95 hivi. Mfuniko mzima wa kilo 1.1 unasogeza kiwango hicho hadi karibu 120. Mfuniko uliochoka, au ulio mahali pasipo pake, unamrudisha mtu wa Arusha kwenye 95, wakati mtu wa Tanga, kwenye usawa wa bahari, anabaki na 100.

Jibu la pili lilitoka jikoni kwa mama ntilie wa jirani. Tuliazima jiko lake la mkaa na sufuria, tukatundika themostati mbili kwa uzi, ya boksini na orijino, zikaelea bila kugusa chini, kipimajoto katikati. Orijino ilianza kufunguka kwenye 78. Kwenye 91 ilikuwa wazi zaidi ya 9 mm, nikaweza kupitisha ncha ya kidole. Ya boksini haikuonyesha chochote mpaka 84, na kwenye 91 ilifungua kama 5 mm, kisha ikabaki hapo huku maji yanakaribia kuchemka. Hata ukiziweka mezani zikiwa baridi tofauti inaonekana: sahani ya kati ya orijino ni pana zaidi. Mama ntilie akatuuliza tunapika supu ya nini.

Kwenye EJ hili linauma zaidi, kwa sababu themostati imekaa upande wa maji yanayoingia kwenye injini, chini ya pampu. Kila tone linalotoka rejeta kurudi kwenye injini linapita kwenye tundu lile.

Jibu la tatu lilikuwa uchafu. Tuliposhusha kondensa tulikuta blanketi la vumbi jekundu na mbegu za nyasi kati yake na rejeta, nusu ya chini yote. Bati la plastiki la chini ya injini nalo halikuwepo, kama kwenye nusu ya Forester za mji huu. Bila bati hilo sehemu ya hewa inatoroka chini badala ya kuvutwa kupita kwenye rejeta.

Tulirudisha mifuniko mahali pake, tukafunga themostati orijino, tukaosha rejeta kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma kuja mbele, tukapata bati la chini la mtumba. Tulijaza upya kupitia tangi la juu huku pua ya gari imeinuliwa, hita ikiwa kwenye moto, kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Nasema yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri. Ukiomba "maji ya betri" dukani bila kusoma chupa, unaweza kupewa asidi.

Mlima uleule, saa ileile ya mchana, watu watatu ndani: 97 ilikuwa ya juu kabisa.

Mlio wa asubuhi

Hapo mteja angeondoka na kisa kingekuwa kifupi. Lakini tangu wiki ya kwanza gari lilikuwa na mlio likiwashwa asubuhi: tak-tak-tak kwa sekunde tano au sita, kisha kimya. Aliniuliza, nikamjibu kwa kujiamini: "Bosi, hizo ni pistoni za kufuliwa. Zinafungwa na nafasi kubwa kidogo, zikiwa baridi zinagonga ukuta. Zikipata joto zinatanuka." Maelezo hayo ni ya kweli kabisa. Ila hayakuwa maelezo ya mlio ule.

Ulipofika sekunde kumi na tano nilianza kupata wasiwasi. Pistoni haizidi kugonga wiki hadi wiki kwa namna hiyo. Nilikuja saa kumi na mbili asubuhi gari likiwa limelala baridi, nikachukua bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha kwenye bloku upande wa silinda ya 4. Kulikuwa na mlio hafifu wa kugonga. Nikahamisha ncha kwenye kava la belti upande wa pampu, na mlio ukanipiga sikio.

Tulifungua. Tenshena ambayo ilikuwa kavu ilikuwa imelowa chini ya shina. Tuliibana kwenye vaisi, na shina likazama kwa nguvu ya kidole gumba. Nzima haiwezi kufanya hivyo, inahitaji vaisi na uvumilivu. Kitabu kinataka shina litokeze kati ya 5.2 na 6.2 mm likiwa huru. La kwetu lilikuwa limepita. Kipimo hicho tungeweza kukifanya kwa venia kaliba siku ya kwanza, kwa dakika moja, na venia iko kwenye droo.

Lakini kilichonifanya nikae chini ni kile kipande cha bati juu ya gia ya krankshafti. Upande wake wa ndani ulikuwa umeng'aa mstari mmoja mwembamba, kama kijiko kilichosuguliwa na mchanga, na mgongo wa belti ulikuwa na mikwaruzo inayolingana nao. Belti ilikuwa inalegea kila asubuhi, inajaribu kunyanyuka kutoka kwenye meno, inagonga bati, inarudi. 1 mm. Alama zote za gia bado zilikuwa mahali pake, hakuna jino hata moja lililoruka.

Matokeo

Tenshena orijino mpya ilifungwa, na belti pia ilibadilishwa ingawa ilikuwa na chini ya km 3,000, kwa sababu ilikuwa na mikwaruzo na imeguswa na mafuta. Gharama ya tenshena alilipa mteja, maana angeilipa tangu mwanzo. Belti ya pili na kazi yote ya kurudia tulilipa sisi. Mlio wa asubuhi ukabaki ule wa pistoni, sekunde mbili tatu.

Compresheni baada ya km 5,000: 11.5, 11.5, 11, 11.5. Gari limeshaingia mbio nne za vumbi. Joto la juu lililorekodiwa kwenye mbio ni 101, na lilishuka ndani ya dakika moja baada ya mstari wa mwisho. Rejeta nene ya aluminiamu haijanunuliwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kukataa kuchagua kwa jina. Belti za rangi zingetupa picha nzuri, na hela hiyo ingetoka kwenye rola. Kipimo cha rola kwa vidole kilitulinda kwa sababu tulikifanya. Themostati na tenshena hazikutulinda kwa sababu hatukuzipima, ingawa zote zina kipimo rahisi. Ukiitazama orodha yetu vizuri utaona mpangilio wa aibu: kila kipande tulichokipima tulikichagua sawasawa, na kila tulichokitazama tu kikatuumiza.

Tenshena inastahili neno zaidi. Kwenye injini ya boksa, ukikwangua hedi unasogeza kamshafti karibu na krankshafti. Kwetu ilikuwa kidogo sana, lakini ulegevu huo wa belti, pamoja na kutanuka kwa bloku ikiwa moto na kusinyaa ikiwa baridi, vyote vinabebwa na tenshena peke yake. Yaani tulichukua injini yenye kila kitu kipya, tukamkabidhi mzee mmoja aliyechoka kazi ya kusawazisha tofauti zote. Kuwa kavu kwa nje kulikuwa kunamaanisha haivuji wakati ule, basi.

Kwenye upozaji tulibadilisha vitu vitatu siku moja, na hilo ni kosa la uchunguzi hata kama gari lilipona. Kutoka 108 hadi 97 ni nyuzi 11, na siwezi kumwambia mwanafunzi ngapi ni za mfuniko, ngapi za themostati, ngapi za vumbi na bati la chini. Sufuria ilithibitisha themostati ni mbovu. Mifuniko ilithibitishwa kwa kusoma namba. Lakini mlimani tulipaswa kupanda mara tatu. Mteja alikuwa na haraka, mafuta yana bei, tukapanda mara moja.

Kutoa themostati sitarudia. Watu wanaoishi na magari ya zamani ya lori wamezoea hivyo, na kwa injini ya dizeli isiyo na kompyuta madhara yake hayaonekani haraka. Kwenye injini ya petroli yenye kompyuta na ringi mpya ni kuiambia injini kwamba kila siku ni asubuhi.

Na kuhusu mlio: nilikuwa na maelezo sahihi mkononi kabla sijasikiliza. Mteja aliamini kwa sababu nilisema kama mtu anayejua. Sasa tunaandika kwenye daftari sekunde za mlio wa baridi siku ya kwanza, siku ya saba na ya kumi na nne, na kama namba inapanda tunafungua kava.

Mpangilio wa bajeti nao tumeubadilisha. Injini ikiingia kwa kufumuliwa, bei ya belti, rola, tenshena, pampu, themostati na mifuniko miwili inaandikwa juu ya ukurasa, kabla ya pistoni. Mteja akitaka kupunguza, apunguze kuanzia chini. Wawili wameshakasirika na kupeleka gari kwingine.

Sinia halitumiki tena kwa mifuniko. Mfuniko unaofunguliwa unafungwa kwa waya kwenye shingo yake, na wa rejeta una alama ya rangi nyekundu. Pampu ya boksini bado iko ndani ya gari. Tulipofungua mara ya pili niliishika shafti yake, nikaisukuma huku na huku, haikuwa na mchezo, tundu la kuvujia lilikuwa kavu. Nilitaka kuibadilisha, mteja akanitazama, nikamwelewa. Imeandikwa kwenye kibandiko: pampu, km 20,000, ifunguliwe.